Seva iko Kibondo, we uko Kigoma: tega njia ya kurudi kabla hujabonyeza Enter

Kijana mmoja wa Kigoma mjini ameniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Naangalia seva sita za kampuni ya kuuza vitu vya jumla, moja iko hapa Kigoma, zingine ziko matawini, Uvinza, Nguruka, Kasulu, Kibondo na Kakonko, zote ni Ubuntu, aina ya Linux. Nikitaka kubadilisha setingi naingia moja moja kwa ssh, ile njia ya kuandika komandi kwenye seva ya mbali, naandika kwa mkono. Juzi nimewasha fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wanaoingia kwa mtandao, ya Kibondo nikajifungia nje, ikabidi nipande gari mpaka kule kwenda kuchomeka monita. Mwenzangu ananishauri niweke programu ya kuona skrini kwa mbali, mwingine anasema nijifunze Ansible. Nishike lipi, na nifanyeje nisijifungie tena?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana na safari ya Kibondo, hiyo hali naijua vizuri, mi niko Tabora na kuna kipindi nilifunga seva iliyoko Mpanda nikiwa hapa hapa mezani kwangu, nikakata tiketi ya treni ile inayochepuka pale Kaliua, nimefika nimechoka, nimechomeka kibodi, nimefuta mstari mmoja, kazi ya dakika mbili, alafu nikaanza kusubiri treni ya kurudi. Siku ile watu wa tawi walikaa kutwa nzima wanaandika risiti kwa mkono kwa sababu yangu na iliniuma. Kwahiyo nakujibu kwa urefu na ninaomba usome yote, usiruke ukaenda kwenye komandi tu.

Jibu fupi ni kwamba Ansible, programu ya kubadilisha setingi za seva nyingi kwa mpigo, utajifunza na itakusaidia, ila usianze nayo. Ansible haijui kama unachotaka kufanya ni sahihi, yenyewe inatii tu. Lile kosa la fayawoli ulilifanya kwa mkono kwenye seva moja, ukaenda Kibondo. Ungelifanya kwa Ansible lingekuwa limeshafika seva zote kabla chai yako haijapoa, ungeanza kuzunguka mkoa mzima. Kwahiyo kwanza mlango uwe imara, pili kila badiliko liwe na njia ya kurudi lenyewe bila mkono wako, tatu ndo unaleta chombo cha kufanya mengi kwa mpigo. Watu wengi wanaanza na la tatu.

Hiyo ya kuona skrini niimalize haraka. Kwa mtandao wa Kakonko jioni ambapo wote mjini wako kwenye simu, kuvuta picha ya skrini nzima ni kumaliza bando na kusubiri kila ukibofya. Terminali, yani lile dirisha la kuandika komandi, inapitisha herufi tu, mi nimeshafanya kazi za maana kwenye laini ambayo hata picha ya WhatsApp ilikuwa haifunguki. Na kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa zaidi, ulichobofya kwenye skrini huwezi kukirudia kesho kwenye seva nyingine ukiwa na uhakika ni kile kile, lakini komandi unaiandika kwenye faili, unaisoma tena, unamwonesha mwenzako, unaitumia mwakani. Baki na terminali.

Haya tuje kwenye mlango. Hiyo ssh ilizaliwa kwa shida ya kweli, mwaka 1995 jamaa wa Ufini anaitwa Tatu Ylönen alikuwa chuo kikuu cha teknolojia kule Helsinki, mtu akatega kwenye mtandao wa chuo akawa anavuna pasiwedi za watu, maana enzi hizo kuingia kwenye mashine ya mbali watu walitumia telnet ambayo inapitisha kila herufi wazi wazi. Akaandika ssh, akaomba mlango (port) namba 22 kwa sababu ulikuwa katikati ya 21 wa FTP ya kuhamisha mafaili na 23 wa telnet. Nakueleza hii historia kwa sababu moja, nenda kaangalie ruta na swichi za matawini, unaweza kukuta bado zina telnet imewashwa toka kiwandani na pasiwedi ya kiwandani. Zima leo.

Kama bado unaingia kwa pasiwedi, tengeneza funguo, yani faili la siri la kuingilia badala ya pasiwedi, kwenye laptopu yako:

ssh-keygen -t ed25519

Ipe neno la kuilinda, usiache wazi, alafu ipeleke kila seva kwa ssh-copy-id. Ukishahakikisha unaingia kwa funguo, ndo unazima kuingia kwa pasiwedi. Na hapa kuna mtego ambao umewakamata watu wazima. Watu wanafungua /etc/ssh/sshd_config, wanaenda chini kabisa wanaandika PasswordAuthentication no, wanaondoka wanaamini mlango umefungwa. Kumbe sshd, ile programu ya upande wa seva inayopokea watu wa ssh, ikisoma setingi, thamani ya kwanza iliyoikuta ndo inashika, zinazofuata inazipuuza. Na Ubuntu za siku hizi juu kabisa ya hilo faili kuna mstari wa Include unaoita foda ya sshd_config.d, na mle ndani mara nyingi utakuta faili 50-cloud-init.conf limeandika yes. Limeshasomwa kabla ya no yako. Kwahiyo usiamini faili, iulize sshd yenyewe inaamini nini:

sudo /usr/sbin/sshd -T | grep -i passwordauthentication

Ikijibu yes, mlango uko wazi hata kama we uliandika no mara kumi. Dawa yake ni kuweka faili lako mle ndani ya foda lenye namba ndogo, mfano 10-matawi.conf, lisomwe mapema. Na kabla ya kuipakia upya unapima kwanza na sudo /usr/sbin/sshd -t, herufi ndogo, ikinyamaza maana yake sarufi iko sawa, ikilalamika inakutajia mstari. Alafu sudo systemctl reload ssh. Dirisha ulilonalo halitakatika ukipakia upya, na hiyo ndo kamba yako ya kuokolea, usilifunge! Fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya, ukiingia ndo unaweza kufunga la kwanza.

Sasa kwenye hilo dirisha la pili naomba utulie kidogo, maana mi hapa ndo paliponikamata kule Mpanda. Kwenye mtandao wa pole pole watu tunaweka mistari hii kwenye ~/.ssh/config ya laptopu:

Host uvinza nguruka kasulu kibondo kakonko kigoma
    User fundi
    ServerAliveInterval 30
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/cm-%C
    ControlPersist 10m

Ni mistari mizuri sana na nakushauri uiweke, chini yake unaongeza Host ya kila tawi na anwani yake. ControlMaster inafanya muunganisho wa kwanza ubaki wazi na unaofuata upite humo humo, kwahiyo ukifungua dirisha la pili huanzi tena ile salamu ndefu ya funguo, unaingia fasta. Ila ona hatari yake. Umebadilisha setingi za sshd, umekosea, mlango umefungwa kwa wageni wote. Unafungua dirisha la pili kujaribu, linaingia bila shida! Unashangilia, unafunga yote, unaenda zako kula. Kumbe lile la pili halikugonga mlango kabisa, lilipita mgongoni kwa la kwanza ambalo lilikuwa ndani tayari. Baada ya dakika kumi muunganisho wa zamani unakufa, ukirudi hamna pa kuingilia. Kwahiyo ukijaribu mlango, jaribu kama mgeni kabisa:

ssh -o ControlPath=none kibondo

Hiyo inalazimisha kugonga upya. Andika kwenye karatasi bandika ukutani kama mimi.

Tuje kwenye njia ya kurudi, maana hii ndo ingekuokoa juzi. Fayawoli ya Ubuntu, ufw, ukiiwasha bila kanuni yoyote inazuia kila kinachoingia, na ssh ni kimojawapo. Yenyewe ilikuonya, ilikuuliza kwamba hii inaweza kukata watu wa ssh, uendelee? Ukabonyeza y, si ndio? Wote tumeshabonyeza. Utaratibu ni kwanza sudo ufw allow OpenSSH, alafu ndo enable. Ila utaratibu peke yake hautoshi, binadamu anachoka, saa tano usiku unaruka hatua. Kwahiyo kabla hujagusa fayawoli, tega hivi:

echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes

Umeiambia seva kwamba baada ya dakika kumi izime fayawoli yenyewe, we uwepo usiwepo. Programu ya at haiji nayo kila mara, iweke kwanza na sudo apt install at, na kwenye kila seva fanya hivyo leo leo kabla hujaihitaji. Ukishatega unapata namba ya kazi. Sasa washa fayawoli, jaribu mlango kwa ControlPath=none, ukiingia vizuri unafuta mtego kwa sudo atrm na ile namba. Ukijifungia nje, hupandi gari, unakaa unasubiri dakika kumi ziishe mlango unafunguka wenyewe. Zile dakika kumi ni ndefu kweli, lakini sio ndefu kama barabara ya Kibondo.

Akili hiyo hiyo unaibeba kwenye kila kitu. Unabadilisha sshd? Nakili faili la zamani pembeni, alafu tega at ya kulirudisha na kupakia ssh upya. Unabadilisha anwani za mtandao kwenye netplan, ile programu ya Ubuntu ya setingi za mtandao? Usiandike netplan apply, andika sudo netplan try, hiyo inaweka setingi mpya alafu inasubiri sekunde 120, usipobonyeza Enter kuthibitisha inarudisha za zamani yenyewe, ukiwa umekatika huwezi kubonyeza Enter, kwahiyo inarudi. Na kama ruta za matawini ni MikroTik, na mikoa hii ndo zimejaa, kwenye terminali yake bonyeza Ctrl na X kwanza, inaingia kwenye hali ya usalama, ukikatika katikati ya kazi inafuta yote uliyofanya toka ulipobonyeza. Inaweza kuchukua dakika kadhaa mpaka ijue umekatika, kwahiyo usikate tamaa mapema ukaanza kutafuta gari. Ukimaliza salama bonyeza Ctrl na X tena, la sivyo ukitoka vibaya kazi yako nzuri nayo inafutika.

Kuna jambo hukulitaja lakini lazima unalo, hayo matawi yanatumia modemu ya laini ya simu. Laini za simu hazikupi anwani yako peke yako ya kugongwa kutoka nje, kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwahiyo huwezi kuanza wewe kwenda Kakonko, lazima Kakonko ianze kuja. Kama sasa hivi umefungua mlango kwenye ruta pale panapowezekana na kwingine unatumia kitu cha kuunga unga, acha. Kodi seva ndogo moja ya intaneti yenye anwani ya kudumu, weka WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya mashine, kila tawi liunganike pale lenyewe, na kwenye faili la kila tawi weka PersistentKeepalive = 25 ili kila sekunde 25 likohoe kidogo njia isizibe. WireGuard imo ndani ya Linux yenyewe toka toleo 5.6 la mwaka 2020, haina uzito, na laini ikikatika ikirudi inaunganika bila kuomba ruhusa. Ukishafanya hivyo milango yote ya 22 iliyo wazi kwa dunia unaifunga, ssh isikilize ndani ya njia hiyo tu. Ila hiyo ya kufunga, ifanye mwisho, na utege at.

Hiyo seva ya kati ina faida nyingine, fanyia kazi pale. Ingia pale kwa ssh, andika tmux, programu inayoshikilia dirisha lako kule kule kwenye seva, na humo ndani ya tmux ndo uanze kazi za matawini. Umeme ukikatika Kigoma au bando likiisha katikati ya apdeti, kazi haifi, inaendelea kule, ukirudi unaandika tmux attach unaikuta ilipo. Na kwenye tawi lenyewe pia, apdeti ndefu ianzishe ndani ya tmux ya kule kule. Apdeti iliyokatika katikati ni uchafu, unakuta vifurushi nusu vimewekwa nusu havijawekwa. Ikikutokea, anza na sudo dpkg --configure -a, mara nyingi inakaa sawa.

Sasa ndo Ansible. Ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, na mwaka 2015 kampuni ya Red Hat wakainunua. Sababu ya mimi kuipendekeza kwako na sio vyombo vingine ni kwamba haihitaji kuweka programu yake kwenye seva za matawini, inapita kwa ssh hiyo hiyo, na kule inataka Python tu, lugha ya programu ambayo Ubuntu inayo tayari. Kwahiyo kama umejenga mlango vizuri, kazi kubwa imeshaisha. Laptopu yako ikiwa ni Windows, Ansible haiendeshwi pale moja kwa moja, tumia WSL, yani Linux ndani ya Windows, au kama nilivyosema iweke kwenye seva ya kati.

Anza na faili la majina, liite seva.ini, ndani andika [matawi] alafu majina ya Host yale yale uliyoweka kwenye ~/.ssh/config, kila moja mstari wake. Ukiamua kuendeshea kwenye seva ya kati, basi hilo faili la config liwepo na kule pia. Jaribu:

ansible matawi -i seva.ini -m ping

Usidanganyike na jina, hiyo sio ping ile ya kawaida, inaingia kabisa kwa ssh na kuangalia kama Python ipo. Seva isiyo na umeme itaandikwa UNREACHABLE, na kwa mazingira yetu utaiona mara nyingi, usiogope.

Kitu cha kuelewa hapa, na wengi wanakosea kwa sababu wamezoea skripti za bash, yani komandi zilizopangwa kwenye faili, ni kwamba kwenye Ansible hauandiki fanya hiki alafu kile. Unaandika hali unayotaka iwepo. Unasema faili hili liwepo, liwe na maneno haya, mwenye nalo awe root. Yenyewe inaenda inaangalia, kama liko hivyo tayari inasema ok inapita, kama haliko inalibadilisha na kusema changed. Ukiiendesha mara ya pili inatakiwa yote iwe ok. Skripti ya bash yenye echo na >> ya kuongeza mstari mwisho wa faili, ukiiendesha mara tatu unakuta mstari umejirudia mara tatu, nimeshakuta seva yenye mstari mmoja mara arobaini na mwenye nayo hajui. Kwa matawi yetu ambayo leo moja limezimika kesho limewaka, hii tabia ni ya thamani sana, unaendesha leo inafika manne, kesho unaendesha tena yale yale inafika yaliyobaki, na yale manne hayaguswi.

Nakuandikia faili moja la mfano, liite ssh.yml, la ile setingi ya sshd, ili uone njia ya kurudi inavyoingizwa humo humo:

- hosts: matawi
  become: true
  serial: 1
  tasks:
    - name: weka setingi za ssh
      ansible.builtin.copy:
        src: 10-matawi.conf
        dest: /etc/ssh/sshd_config.d/10-matawi.conf
        owner: root
        group: root
        mode: "0600"
        validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s
      notify: pakia ssh upya
  handlers:
    - name: pakia ssh upya
      ansible.builtin.service:
        name: ssh
        state: reloaded

Angalia mistari miwili. serial: 1 inaiambia Ansible iende seva moja moja, na ikishindwa kwenye moja isimame hapo hapo isiendelee na zingine. Bila huo mstari inakwenda nyingi kwa pamoja, kawaida yake ni tano kwa mpigo, na we una sita, kwahiyo hesabu mwenyewe. Mstari wa pili ni validate, kabla faili halijawekwa mahali pake linapimwa kwanza na sshd, likikataa haliwekwi kabisa, la zamani linabaki. Ni mistari miwili tu lakini ndo inayotenganisha usiku wa kulala na usiku wa kutafuta usafiri. Tahadhari, validate inapima sarufi, haipimi busara. Ukiandika AllowUsers na kusahau jina lako, sarufi iko sawa kabisa na we uko nje.

Ndo maana hauiendeshi hivi hivi. Kwanza:

ansible-playbook -i seva.ini ssh.yml --check --diff --limit uvinza -K

--check haigusi kitu, --diff inakuonesha mstari gani utatoka na upi utaingia, --limit inaibana kwenye seva moja, -K inakuuliza pasiwedi ya sudo. Soma ile diff kwa macho yote mawili. Alafu toa --check uiendeshe Uvinza peke yake, nimechagua Uvinza kwa kuwa sio mbali sana na wewe, kosa la Uvinza ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Seva ya kujaribia iwe ile unayoweza kuifikia kwa miguu yako, hata hiyo ya Kigoma mjini. Jaribu mlango kama mgeni, na hapa kumbuka Ansible nayo inatumia ule ujanja wa ControlPersist, yani inaweza kukuambia kila kitu ok huku mlango umefungwa, kwahiyo jaribu kwa mkono. Iache siku moja. Kesho yake Kasulu, alafu ndo zilizobaki, Kakonko mwisho.

Kwa mtandao wetu weka pia pipelining = True kwenye ansible.cfg, chini ya [ssh_connection], inapunguza safari za kwenda na kurudi kwa kila kazi, kwenye laini nzito utaona tofauti waziwazi.

Mafaili hayo yote yaweke kwenye git, programu ya kutunza historia ya mafaili, toka siku ya kwanza. Na kila ukibadilisha kitu andika kwa nini, sio nini, maana nini inaonekana kwenye diff. "Nimefungua mlango 5432 wa database kwa Kasulu kwa sababu mhasibu anasoma ripoti kutoka Kigoma", sentensi moja kama hiyo inamwokoa atakayekuja baada yako, na baada ya miaka miwili atakayekuja ni wewe mwenyewe ukiwa umesahau. Pasiwedi za database usiziandike wazi humo, zifungie kwa ansible-vault, na neno la kufungulia hiyo vault wajue watu wawili, mmoja awe bosi wako, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha ofisini. Hili nasema kwa uchungu, nimeona ofisi moja fundi ameugua ghafla, funguo zote ziko kichwani kwake, matawi yamekaa wiki nzima.

Kuna kipindi utajisikia kuingia seva moja na kurekebisha kitu haraka kwa mkono, mteja anasubiri dirishani. Rekebisha, sikukatazi, mteja asisimame. Ila kabla hujalala kiandike kwenye faili la Ansible, maana usipofanya hivyo siku nyingine utaendesha na Ansible itakirudisha kilivyokuwa, ndo kazi yake, na tatizo litarudi na we hutajua limetoka wapi.

Mwisho, kuna vitu ambavyo hakuna komandi itakayokufanyia ukiwa mbali, kwahiyo siku yoyote utakayofika tawini kwa kazi nyingine vifanye. Ingia kwenye BIOS ya seva, ile menyu ya mashine kabla Ubuntu haijawaka, utafute setingi ya umeme ukirudi, iweke iwake yenyewe, maana baadhi zinakuja zikiwa zimewekwa zibaki zimezimwa, umeme unakatika usiku unarudi, ruta inawaka, modemu inawaka, seva imelala, na we unahangaika na ssh ukidhani mtandao. Weka laini ya pili ya mtandao tofauti kwenye ruta. Zibandike kebo majina kwa maandishi makubwa. Alafu mchague mtu mmoja wa pale, muuzaji au mlinzi, yeyote mtulivu anayepokea simu, mwoneshe kitufe cha seva, mwoneshe waya wa modemu, mfanyishe mazoezi mbele yako mara mbili ya kuzima na kuwasha, na namba yake uiweke kwenye hilo hilo foda la git karibu na jina la tawi lake.